Kazi ya mwani na jua la saa nne: tujikinge vipi?

Mkulima wa Msangamkuu:
Ndugu zangu, nalima mwani hapa Mtwara pamoja na mdogo wangu mwenye ualbino. Tunashauriwa tusikae juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri, lakini wakati wa bamvua maji hukupwa sana karibu na saa nne na saa tano, na hapo ndipo tunapoingia shambani. Tufanyeje? Na mimi mwenye ngozi nyeusi, mionzi ya jua inanidhuru?

Muuguzi, Lindi:
Dada, mionzi ya urujuanimno, yaani mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, inayotufikia ni ya aina mbili: UVB, ambayo hubabua ngozi na kuharibu vinasaba vya seli hata saratani ikaweza kuzuka baada ya miaka, na UVA, ambayo hupenya ndani zaidi na kuzeesha ngozi mapema. Melanini yako, yaani rangi asilia ya ngozi, hunasa sehemu kubwa ya mionzi hiyo, hivyo hatari kwako ni ndogo, ingawa ipo. Ukijipaka mkorogo unaipunguza kinga hiyo mwenyewe. Mdogo wako ana melanini kidogo mno, au hana kabisa. Avae mikono mirefu, kitambaa kizito cha rangi iliyokoza, na kofia pana inayofunika masikio na shingo, kwa maana kapelo huyaacha wazi. Pamba ikilowa hupitisha mionzi zaidi. Baharini polyesta ni bora. Kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa kipelekwe hospitali mapema.

Mvuvi wa Kilwa Kivinje:
Naongezea kwamba mawingu mepesi hayazuii sehemu kubwa ya mionzi, na kofia peke yake haitoshi, kwa kuwa mchanga mkavu huakisi takriban asilimia 15 na povu la bahari takriban 25, hivyo uso hupigwa kutoka chini pia. Losheni ya SPF 30 (SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya jua) huzuia takriban asilimia 97 ya UVB ikipakwa kwa wingi. Ipakwe robo saa au zaidi kabla ya kutoka, irudiwe kila baada ya saa mbili na kila mdogo wako anapotoka majini. Ulizieni kliniki ya ngozi losheni ya Kilisun, inayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino.

Mama wa mwani, Lindi:
Mwanangu, mimi ningeanza na mgawanyo wa kazi. Kufunga mbegu kwenye kamba hakuhitaji jua: mjengeeni mdogo wako banda la makuti pwani, afunge yeye, nawe upeleke kamba shambani. Malipo yawe sawa, maana pasipo mbegu zilizofungwa hakuna mavuno.

Mkulima wa Msangamkuu:
Ahsante mama. Makuti tunayo, banda tutalijenga kabla ya bamvua ijayo.