Thabeet baada ya NBA: kwa nini Asia? Na kijana wa chuo anasainije mkataba wa nje?

Ubao24
Wakuu, habari za kikapu. Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet msimu wa 2008/09 pale UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani) alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa mechi. Memphis Grizzlies wakamchukua namba 2 kwenye drafti ya 2009, pale timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, nyuma ya Blake Griffin peke yake. Baada ya NBA tunamkuta Japani na Yokohama B-Corsairs, kisha Taiwan na Hsinchu JKO Lioneers. Kwa nini Asia na si Ulaya? Na kijana wa kwetu anayemaliza chuo Marekani bila kuitwa kwenye drafti, hatua za kwenda kucheza nje ni zipi, kuanzia makaratasi hadi malipo?

PostiChini
Tuanze na mpira wenyewe, maana watu wakishasema "alishindwa NBA" wanafunga mjadala.

NBA ina sheria ya sekunde 3 za ulinzi: beki haruhusiwi kuganda kwenye eneo la chini ya goli zaidi ya sekunde 3 kama hamkabi mtu kwa karibu. Ongeza wapigaji wanaosimama nyuma ya mstari wa pointi 3, mita 7.24 kutoka ringini, na senta (yule mrefu wa chini ya ringi) wa futi 7 na inchi 3 analazimika kutoka nje kufukuzana na gadi mwepesi (mchezaji wa nje anayeongoza mpira). Pale ndipo Thabeet alipoumia. Februari 2010 Grizzlies walimshusha Dakota Wizards ya D-League, ligi ndogo ya NBA ya kukuza wachezaji, na hakuna aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyewahi kushushwa kabla yake.

Sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, zinazotumika nje ya NBA, hazina kitu hicho. Senta anajikita chini ya ringi anavyotaka, na mpira uliopigwa ukishagusa chuma anaruhusiwa kuufagia hata ukiwa bado juu ya ringi. NBA hiyo ni kosa. Mstari wa pointi 3 nao uko mita 6.75, kwa hiyo hatua za kutoka kumfuata mpigaji zinapungua. Kwenye faulo hakuna nafuu: 5 kwa dakika 40 za FIBA ni sawasawa na 6 kwa dakika 48 za NBA.

Halafu kuna nafasi za wageni. Japani enzi zake wageni waliokuwa uwanjani kwa wakati mmoja hawakuzidi wawili. Magadi wazuri wazawa wapo tele, urefu ndio haba, basi klabu hutumia nafasi hizo kununua watu wakubwa. Ulaya senta anatakiwa pia kutoa pasi akiwa mbali kidogo na ringi na kumudu kukaba nje. Kwa mtazamo wangu Asia ilikuwa soko sahihi kwake, wala si kushuka daraja.

KaratasiKwanza
Nijibu la pili. Mkuu, bila barua ya kibali ya FIBA, ile wanayoiita LOC, hakuna usajili. Inaombwa na shirikisho la nchi anayokwenda, na inatolewa na shirikisho la nchi alikocheza mwisho. Aliyemaliza chuo Marekani barua yake inatoka USA Basketball, si TBF ya Tanzania. Hapa ndipo wengi hupoteza wiki nzima wakipiga simu Dar. Shirikisho lililoombwa lina siku 7 za kujibu, na sababu halali ya kukataa ni moja tu: mchezaji bado ana mkataba unaoendelea.

Wakala awe na leseni ya FIBA. Kawaida yake ni asilimia 10, na mikataba mingi ya nje huandika kwamba klabu ndiyo inamlipa. Isipoandikwa, mchezaji ndiye atakayekatwa.

Kwenye mkataba angalia mshahara ni baada ya kodi au kabla, tarehe kamili za kila malipo, nyumba, tiketi za ndege, na bima ya majeraha. Kipengele cha vipimo vya afya kisome mara mbili. Kisiseme "klabu itampima itakapoona vema". Kiseme vipimo vifanyike ndani ya siku 2 au 3 baada ya kufika, na muda huo ukipita mkataba uhesabike umeanza. La sivyo klabu inakufanyisha mazoezi, hairidhiki, halafu ghafla goti lako "lina tatizo".

RingiNaNeti
Naongeza jambo ambalo mawakala wengi hawalitaji: pasipoti. Hispania na Ufaransa zimekuwa zikiwapa wachezaji wa nchi zilizosaini Mkataba wa Cotonou wa 2000, kati ya Umoja wa Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki, nafasi tofauti na Wamarekani. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zimo. Kwa klabu, Mtanzania wa futi 6 na inchi 9 hachukui nafasi ya Mmarekani, na hiyo inaweza kumpa kazi kuliko pointi 3 za ziada kwa mechi. Kanuni za nafasi hubadilika msimu hadi msimu, kwa hiyo wakala aulize ligi husika kabla ya kutuma video. Na kwa kuwa Tanzania hairuhusu uraia pacha, anayekimbilia uraia wa Marekani ajue anachokiacha mezani.

Ubao24
Asanteni sana wakuu. Na klabu isipolipa?

KaratasiKwanza
Ndiyo maana mkataba lazima uwe na kipengele cha BAT, baraza la usuluhishi la FIBA lililoanzishwa 2007, makao yake Geneva. Bila kipengele hicho utabaki na mahakama za nchi ile, kwa lugha yao. Shauri linaendeshwa kwa maandishi na kwa Kiingereza, na kuna ada isiyorudishwa inayotegemea kiasi unachodai. Klabu ikishindwa na ikaendelea kugoma, FIBA huweza kuizuia kusajili wachezaji wapya, na hapo pesa hupatikana haraka.

Ila usiondoke kambini kwa hasira. Andika kwanza notisi ya kuchelewa kwa malipo, itume kwa barua pepe, subiri siku zilizotajwa kwenye mkataba, mara nyingi kati ya 15 na 30, ndipo uvunje kwa maandishi. Ukiondoka kabla, klabu itadai wewe ndiye uliyevunja, na LOC ya klabu inayofuata itakwama hapo hapo.