Maji ya Ruaha yanamwagwa juu bure, lawama tunabebeshwa sisi wa mwisho wa mfereji

Wakuu nimevumilia nimeshindwa, leo naandika.

Mimi ni mkulima mdogo Mbarali, masika nalima mpunga, kiangazi natoa maharage nusu ekari, na shamba langu liko mwisho kabisa wa mfereji. Siku ya tatu hii zamu ni yetu na maji hayafiki, maharage yameshaanza kujikunja majani, kwahiyo jana nikafuata mfereji kwa mguu karibu masaa mawili mpaka kwenye banio, pale maji ya mto yanapochepushwa kuingia mferejini, nijue tatizo ni nini. Njiani mtoni akina mama wamechimba mashimo kwenye mchanga, mtu anachutama anasubiri maji yajikusanye anachota kwa kikombe anamimina kwenye dumu, kikombe kimoja kimoja, na ng'ombe wamesimama nyuma yake wanamsubiri amalize.

Nafika juu nakuta lango la shamba kubwa liko wazi lote!! Mpunga walishavuna zamani, majaruba hayana hata mche mmoja, maji yanapita kwenye mabua tu yanatokea upande wa pili yanapotelea porini. Namuuliza mlinzi, ananijibu "tuna kibali".

Kibali gani jamani? Kibali kinasema lita kadhaa kwa sekunde, sasa nani anazipima? Kile kipimo cha kusomea kina cha maji pale banio kimelala kwenye tope na namba zimefutika. Na mto wa mwezi wa tatu sio mto wa mwezi wa kumi, huwezi kuchota kiangazi kama unavyochota masika halafu ukasema uko ndani ya sheria. Sera ya Maji ya 2002 imeandika wazi, kwanza maji ya binadamu kunywa na kupikia, pili mazingira, mengine yote yanafuata. Hapa kwetu imegeuzwa kichwa chini miguu juu.

Kinachoniuma zaidi ni lawama. Ruaha Mkuu ulikuwa unatiririka mwaka mzima, tangu 1993 kila kiangazi unakatika kule hifadhini, viboko wanabanana kwenye vidimbwi vya matope. Ukifika mgao wa umeme, mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu yakipungukiwa maji, utasikia wafugaji na wakulima wadogo wa bonde letu hili la Usangu ndio wameua mto. Haya, 2006 wafugaji wakaanza kuhamishwa na ng'ombe wao, 2008 Usangu ikaingizwa Hifadhi ya Ruaha, je mto ulirudi? Haukurudi! Maji ya Ihefu, kile kinamasi mto unakopita, yakishuka chini ya ule mwamba wa kutokea pale Ng'iriama basi hakuna tone linalovuka kwenda hifadhini, na ili yasishuke lazima mito inayoingia Ihefu iachiwe maji huku juu kwenye mabanio. Ng'ombe hawafungui lango la chuma.

Sisemi wadogo hatuna makosa, wapo wenzetu wanaotoboa mfereji usiku na mimi nawagombeza. Lakini aliyetoboa kwa jembe anapigwa faini na jumuiya yetu ya watumia maji siku hiyo hiyo, mwenye lango anaitwa kwenye kikao anapewa soda.

Anayejua taratibu za kupinga kibali cha mtu ili kipunguzwe kiangazi anielekeze, barua inaanzia wapi, inapokelewa na nani. Picha za lango na za kile kipimo ninazo. Zamu yetu nyingine ni Alhamisi.