Manyoya ya mbuzi, sungura au singa za ng'ombe: kipi kinafaa kufungia chambo cha kurusha?

mwana_sahare
Wadau habari za jioni. Mi nipo Tanga, Sahare, huu mwaka wa pili nafunga mwenyewe vyambo vya manyoya, vile virefu vya kuiga samaki mdogo anaogelea, wenyewe wanaviita strima. Wenzetu Marekani wanatumia mkia wa kulungu wao, mi niliagiza mmoja kwa muuzaji wa nje ukaja mfupi, nusu umenyonyoka, na kwa hela ile ningepata ndoana za mwaka mzima. Basi Idi kubwa ilivyopita nikasema niangalie vya hapa hapa. Nikapata ngozi ya beberu mweupe, kipande cha ngozi ya sungura kwa jirani, na mkia wa ng'ombe toka machinjioni. Nimefunga vitatu, ndoana saizi moja, uzi mmoja, nikavijaribu kwanza kwenye ndoo halafu Jumamosi maji yakijaa nikaenda kurusha.

Nilichokiona: mbuzi ndo mzuri zaidi kwa macho, ukivuta manyoya yanabana yanakuwa membamba kama kalamu, ukiacha tu yanafunguka taratibu, yaani unaona kabisa kitu kinapumua. Shida yake kila nikirusha mara kumi, mara tatu nne kinarudi manyoya yamejizungusha kwenye ndoana, na samaki hawezi kula kitu kimejifunga vile. Sungura anacheza kupita hata mbuzi ila ananywa maji, ukinyanyua fimbo ni kama unarusha tambara bichi, halafu niliacha kwenye kiboksi bila kukausha siku tatu ile ngozi ikaanza kunuka na kuachia manyoya. Ng'ombe hajifungi hata kidogo, lakini majini amekaa tu kama brashi ya rangi.

Naomba uzoefu wenu, nishike lipi niachane na lipi?

baba_ngalawa
Mwanangu, inategemea unavutaje. Mimi narambaza, yaani naburuta chambo nyuma ya chombo, natanga tanga na ngalawa huku Mwambani mpaka Kigombe, na kwa nguru na jodari siwezi kuacha singa za ng'ombe. Zamani tulikuwa tunachana rambo nyeupe, ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 tukahamia kufumua nyuzi za viroba, na singa. Ngalawa ikishashika upepo mzuri hayo manyoya laini yanabanwa na maji muda wote, hayapati nafasi ya kufunguka, unabaki unaburuta kitu kama uzi. Ulaini unamfaa anayevuta akasimama, akavuta akasimama, kama wewe wa nchi kavu. Kwa hiyo brashi unayoisema wewe kwangu ndo kazi yenyewe.

BintiPangani
Shikamoo baba. Nakubali kabisa hiyo ya kurambaza.

Kaka wa Sahare, mbuzi usimwache, nahisi umefunga marefu mno na mengi mno. Mi navulia hapa mto unapoingia baharini na nimehangaika na hilo hilo la kujizungusha. Urefu usizidi mara mbili ya mguu wa ndoana, ile sehemu yake iliyonyooka. Na ukitaka kufupisha USIKATE NCHANI jamani, nakuomba, ile ncha imechongoka yenyewe ndo inayofanya mkia uishie kama mkia wa dagaa, ukiikata unapata ufagio. Kata upande wa shina. Halafu kuna zile pamba za chini, laini sana, zinakaa karibu na ngozi, mbuzi anazo na sungura ndo anazo kupita kiasi. Shika fungu lako kwa ncha, chukua kitana cha chawa kile chenye meno ya karibu, chana kuelekea shina, utashangaa nusu ya ulichoshika inatoka. Acha kidogo tu ili chambo kiwe na mwili. Ukimaliza fungu liwe jembamba, ukiliweka juani uone mwanga unapita, maana vidagaa vyenyewe ukivitazama majini mwanga unapita.

mwana_sahare
Daah hapo kwenye pamba umenigusa, mi nilikuwa nazifunga zote nikidhani ndo utajiri. Na yule beberu bado ananuka, nimemfua mara mbili.

fundi_uzi
Beberu mfue kwa sabuni ya unga na maji ya vuguvugu, kisha suuza na siki, anika kivulini. Ngozi kabla ya hapo kwangua mafuta yote kwa kisu kisicho kikali sana, paka chumvi nyingi, mafuta yakibaki hata ufue mara kumi itarudi kunuka. Na usichukue popote, mbuzi wetu wa pwani ana manyoya mafupi, marefu yapo kidevuni na mstari wa mgongoni. Mi ya mapajani nilipata kwa mbuzi wa maziwa toka Lushoto, ni marefu na yana mawimbi kidogo, safi sana.

Sasa hilo la kuchagua moja mi naona si lazima uchague. Kuna Mmarekani mmoja, Lefty Kreh, miaka ya 1950 mwishoni alitengeneza chambo kinaitwa Lefty's Deceiver, mpaka posta ya kwao ikakitolea stempu mwaka 1991, na shida aliyokuwa anaikimbia ni hii hii ya mkia kujifunga hewani. Yeye mkia (wa manyoya ya jogoo) aliufunga nyuma kabisa pale ndoana inapoanza kukunja, sio mbele kwenye tundu, halafu nywele za kulungu akazizungusha mbele kama kola. Mkia ukianzia nyuma hauna urefu wa kuizunguka ndoana, basi.

Mi nafanya hivi: nyuma nafunga singa za ng'ombe chache, kumi na tano ishirini hivi, ndo uti wa mgongo, juu yake mbuzi mwembamba wa urefu ule ule, halafu mbele tena mbuzi kidogo kuzunguka. Ile singa inambeba mbuzi asianguke. Ukiona bado anasumbua kunja kipande cha nailoni nene kitanzi kidogo, kifunge chini ya mkia kiwe kama kitako. Uzi ni wa cherehani, ule wa nailoni, zungusha ukiwa umeukaza mpaka karibu kukatika, supaglu tone moja, ikikauka juu yake rangi ya kucha mara mbili.

mtu_wa_muheza
Mi naomba kuuliza, kuna mzee kule juu Amani ana ngozi ya mbega ya zamani, yale manyoya meupe ya mabegani ni marefu na laini kupita mbuzi yeyote. Hayafai?

BintiPangani
Kaka achana nayo kabisa. Mbega ni mnyamapori, ngozi yake ni nyara, ukikutwa nayo bila kibali Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inakuhusu, haijalishi ya zamani au ya babu. Na mbega wenyewe msitu wao unazidi kuminywa, mtu asije akapata sababu ya kumtega mwingine kwa ajili ya chambo. Mbuzi tunachinja kila siku na ngozi zinatupwa.

mtu_wa_muheza
Sawa dada, nimeelewa, asante. Nitamwambia na mzee.

baba_ngalawa
Nyie wa kurusha mnafanyaje na mwamba? Mimi chambo kinapita juu juu, nyie mnakiacha kizame, si mnaacha ndoana zote kwenye matumbawe?

fundi_uzi
Mzee wangu, tunakigeuza. Kuna mwingine anaitwa Bob Clouser, wa Pennsylvania, miaka ya 1980 alifunga risasi yenye umbo la macho mawili juu ya mguu wa ndoana, karibu na tundu. Uzito ukiwa juu chambo kinapinduka, ncha ya ndoana inatazama juu, kinapita kwenye mwamba kama kinaruka ruka na hakishiki ovyo. Mi nachukua chubwi (vile vizito vya mshipi) mbili ndogo zile za kubana, nazibana kwenye kipande cha waya, nafunga kwa uzi wa msalaba. Manyoya mengi unayaweka upande wa ncha, yanaificha pia.

mama_ukili
Hamjasema rangi. Mimi kazi yangu mikeka, ila mume wangu namtilia rangi manyoya yake kwenye sufuria ya ukili mwishoni, rangi ile ile ya unga, kijani inashika vizuri na zambarau pia. Maji yawe ya moto yasichemke, ukichemsha ngozi inajikunja kama chapati iliyoungua. Binzari inatoa njano nzuri lakini jua linaila haraka, hiyo ni ya siku mbili tatu.

mwana_sahare
Narudi na majibu, bamvua limepita. Nimefunga vinne kwa njia ya fundi, singa ndani mbuzi nje, nimechana pamba kama dada alivyosema (kitana nimenunua kipya, cha mdogo wangu nimemwachia). Siku mbili za kurusha kimejifunga mara moja tu na hiyo mara upepo wa kusi ulikuwa unanipiga usoni. Kolekole watatu saizi ya kiganja na kidogo, wote wamekula pale pale ninapoacha kuvuta, manyoya yakiwa yanafunguka. Kimoja samaki mzia kakikata nyuma safi kama kwa mkasi, zimebaki singa peke yake, nikaendelea kukirusha na hakuna kilichokigusa tena.

Sungura sijamtupa, nampunguza awe ukanda mwembamba kama upana wa njiti ya kiberiti, namweka kwa ajili ya maji yaliyotulia kule Sigi. Vyote sasa hivi vipo kwenye maji baridi, yasiyo na chumvi, maana kile cha kwanza kutu ya ndoana imeshapaka manyoya meupe.

Manyoya ya beberu yamebaki mengi. Jumamosi maji yakianza kujaa nipo Raskazone, anayetaka aje na ndoana zake.