Thairoidi: dozi imepandishwa mara mbili na TSH bado iko juu, ni chai?

UmmuLangoni:
Asalaam aleikum jamani. Niko Lamu, thairoidi yangu ililala baada ya kujifungua, nikaanzishwa levothairoksini (kidonge cha homoni ya thairoidi) ya maikrogramu 50, ikawa 75, sasa 100 na TSH, kile kipimo cha damu kinachopanda thairoidi ikilala, bado iko juu. Nywele zatoka kwa mafungu kwenye kitana, na joto hili la kaskazi wenzangu wote walala darini mimi najifunika blanketi. Dawa siruki hata siku moja wallahi. Naswali alfajiri nakunywa kidonge na chai ya maziwa, mahamri mawili, na vidonge vya damu nilivyopewa kliniki nameza hapo hapo nisije nikasahau. Juzi nimeulizwa kama kweli nakunywa dawa, nimeumia sana. Halafu Ramadhani hiyo yaja, nitafanyaje?

bintishela:
Pole dada. Acha muhogo na kabichi kwanza, ndio adui wa thairoidi.

Mfamasia_Malindi:
Bintishela, muhogo ulioiva vizuri kwa mtu ambaye tayari anakunywa homoni yenyewe sio tatizo, asiache chakula chake bure. Tatizo liko kwenye hicho kikombe.

UmmuLangoni, madini ya chuma yaliyo kwenye vidonge vya damu, na kalisi ya maziwa, huishika dawa tumboni ikatoka bila kuingia mwilini. Kwa hiyo wewe wameza 100 lakini ngapi inafika kwenye damu hatujui. Kidonge chatakiwa kinywewe na maji matupu, tumbo tupu, kisha ungoje nusu saa, saa nzima ndio bora, ndipo chai. Kahawa pia, hata ile chungu ya barazani isiyo na maziwa, yapunguza. Vidonge vya damu, vya kalisi na dawa ya kiungulia vikae mbali nacho kwa muda wa saa nne. Uji wenye soya usiwe karibu nayo.

Sasa nisikilize hapa maana ndipo watu huumia: ukirekebisha haya, hiyo 100 yaweza kuanza kuingia yote na ikawa nyingi kwako. Moyo ukienda mbio, mikono ikitetemeka, jasho, usingizi ukakimbia, rudi kwa daktari usingoje. Hata usipoona chochote mwambie umebadilisha namna ya kunywa, upimwe TSH baada ya wiki 6 hadi 8, kabla ya hapo kipimo hakisemi ukweli kwa sababu dawa hii hukaa mwilini sana. Usijipunguzie mwenyewe.

MamaWaWatatu:
Hayo ya kuambiwa hunywi dawa yalinipata mimi pia, nikalia njia nzima kwenye boti kutoka Mokowe. Hakuna aliyeniuliza nakunywa na nini!! Ramadhani mimi naamka saa tisa unusu, kidonge kiko kando ya mto na chupa ya maji, nakunywa, napasha daku pole pole, nakula saa kumi na nusu. Vidonge vya damu vyangu baada ya tarawehe na maji ya chungwa, chai yavizuia hivyo navyo.

Mfamasia_Malindi:
Vizuri kabisa hivyo. Anayeshindwa kuamka mapema anaweza kunywa wakati wa kulala ikiwa amekaa saa tatu au nne bila kula, lakini na futari zetu za kuguguna mpaka usiku wa manane naona daku ni rahisi. Na dawa usiiweke jikoni juu ya kabati wala dirishani, joto na unyevu wa pwani huiharibu, iache kwenye pakiti yake.

UmmuLangoni:
Yangu iko jikoni kwenye kopo la sukari 😭 naitoa sasa hivi. Leo alfajiri nimekunywa na maji, nikakaa ukumbini namnyonyesha mtoto, chai nimeiona saa moja na robo na mamangu aniuliza nimenuna nini. Jumatatu naenda kuwaeleza hospitali nilivyokuwa nikinywa, niandikiwe tarehe ya kipimo.