Mgeni wangu ana siku saba: Unguja, Pemba, au nigawe?

Mzaliwa_Bububu (Jumatatu, saa 3:10 usiku)

Assalaam alaykum. Ijumaa hii rafiki yangu wa Kijerumani, niliyefanya nae kazi miaka sita, analipia tiketi za familia yake. Mwanzo aliniandikia kuwa Zanzibar watapita siku mbili tu wakitoka Serengeti, kwa vile ni kisiwa kidogo. Maneno yale yaliniuma. Nikamwandikia barua ndefu, nikamwambia nchi yetu ni ndogo kwenye ramani, lakini hata sie tuliozaliwa hapa hatujaimaliza. Kakubali siku saba, na kupanga kaniachia mie. Sasa nimekwama. Zote Unguja? Zote Pemba? Nigawe? Pemba mwenyewe nimekwenda mara moja, harusini, nikarudi kesho yake. Nisaidieni.

Nahodha_Mkokotoni (saa 3:31 usiku)

Waalaykum salaam. Umeuliza vizuri ila hujatupa kitu cha kushika. Mwezi gani? Wangapi? Kama wana watoto, wana umri gani, wanajua kuogelea? Mfuko wao ukoje? Bila ya kujua mwezi siwezi kukwambia hata pwani gani ya Unguja uwalaze. Wakija masika wataitazama mvua dirishani. Wakija wakati wa kusi, pwani ya mashariki upepo ni mwingi na njia ya Pemba inatikisa. Wakija Ramadhan lazima wajue mapema kuwa mchana mikahawa mingi imefungwa na mtu hali njiani. Rudi na majibu.

Mpemba_wa_Wete (saa 3:40 usiku)

Pemba, siku zote saba. Mwezi wowote.

Huko Unguja atakutana na Wajerumani wenzake. Kwetu atakutana na sisi. Akishuka Chake Chake akapanda gari kuja Wete, njia nzima ni vilima na mabonde, mikarafuu, mashamba ya mpunga chini, minazi juu. Waarabu wa zamani walikiita kisiwa hichi cha kijani, na kijani chenyewe kipo mpaka leo. Aende msitu wa Ngezi atembee chini ya mivule, atokee pwani ya Vumawimbi, ambako anaweza kutembea nusu saa asione mtu isipokuwa wavuvi. Apande mnara wa taa wa Kigomasha, aone bahari pande tatu. Hayo hayapo Nungwi, huko Unguja.

Bint_Makunduchi (saa 3:58 usiku)

Ndugu yangu wa Wete, kisiwa chako nakipenda, lakini usimfiche mwenzetu sifa za Unguja. Mji Mkongwe peke yake unataka siku mbili, si kwa kupita na simu mkononi, kwa kukaa barazani. Na kama wanaweza kuja Julai, walete kwetu Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa. Wanaume wa upande wa kaskazini na wa kusini wanapigana kwa migomba kuondoa kinyongo cha mwaka mzima, kibanda cha makuti kinachomwa moto, wanawake tunaimba, halafu kila nyumba inapika. Siku hiyo Makunduchi hakuna mtu anayekula bila ya mgeni. Mama yangu huona vibaya khasa akikosa mgeni wa kumkaribisha.

Mzaliwa_Bububu (Jumanne, saa 12:45 asubuhi)

Samahani, nilikuwa na haraka. Ni Agosti, wiki ya pili. Watu wanne, yeye, mkewe na watoto wawili, wa miaka 9 na 14. Watoto wanaogelea vizuri. Mke anaiogopa bahari akiwa chomboni, ufukweni hana tabu. Fedha ni ya wastani, hawataki hoteli kubwa. Yule wa miaka 14 anapenda wanyama kupita kiasi.

Nahodha_Mkokotoni (saa 1:20 asubuhi)

Sasa tunazungumza. Agosti ni kusi, kukavu na hewa nzuri. Julai imeshapita, kwa hiyo Mwaka Kogwa utoe, kwa heshima zote kwa Bi Makunduchi. Mama mwenye kuiogopa bahari usimtie kwenye boti ya Pemba mwezi huo. Kuna ndege ndogo kutoka uwanja wa Unguja mpaka Chake, ni kama nusu saa.

Na jambo la maji, watu hawalisemi. Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, maji yakitoka, yanatoka kweli, yanakwenda mpaka kwenye mwamba, na mgeni asiyejua anadhani kadanganywa na picha. Wakati wa bamvu, maji yanapojaa na kutoka sana, ndiyo zaidi, maji mafu yana nafuu. Nungwi na Kendwa mtu anaoga karibu saa zote. Mwenye watoto wanaotaka kuogelea kutwa, kaskazini. Pia Nungwi watoto wataona mafundi wanaunda majahazi kwa mkono pale ufukweni, msumeno na tezo, na mafundi wenyewe hawachoki kuulizwa.

Mama_Mwani (saa 2:05 asubuhi)

Nahodha, maji yakitoka Jambiani ndipo pwani yetu inapofunguka. Hapo ndipo sisi tunashuka. Mwani tulianza kuulima huku mwaka 1989, na wengi wa wakulima ni wanawake. Tunafunga miche kwenye kamba, tunapigilia mambo ya vijiti, tunarudi kila maji yakitoka kuangalia. Siku hizi ile aina yenye bei nzuri inakufa kwa joto la maji, imebaki ile ya bei ndogo, ndiyo maana wengine tumeanza sabuni na mafuta ya mwani. Mtoto wa miaka 14 anayependa viumbe nikishuka nae asubuhi moja ataona nyota za bahari, majongoo, kaa, pweza mafichoni mwao, na ataelewa mie nasomeshaje wanangu. Ila avae viatu, urumba wapo na miiba yao ni mibaya.

Ummu_Salim (saa 4:30 asubuhi)

Mie naomba kusema kuhusu pomboo, maana najua sasa hivi atatokea mtu wa kumwambia awapeleke Kizimkazi, kusini ya Unguja, kwa sababu ya huyo mtoto.

Mwaka juzi kaka yangu alikuja kutoka Muscat na mkewe na watoto watatu. Papasi mmoja, hawa wanaotafuta wageni njiani, alitukuta Forodhani tunakula, kijana mpole, maneno mazuri. Tukakubaliana bei moja ya kila kitu: gari, chombo, miwani ya kutazamia chini ya maji, chakula cha mchana. Akataka nusu mkononi, nikampa mie mwenyewe. Tukatoka mjini kabla ya jua. Kufika Kizimkazi papasi hayupo na simu haipokei, nahodha anasema yeye habari ya chakula haijui. Watu wanane chomboni, maboya ya kuvaa mawili. Nilitaka turudi, kaka akasema tumeshafika, twende.

Huko nje tulikuta vyombo si chini ya kumi na tano, na pomboo labda sita, mmoja mdogo kabisa ubavuni mwa mama yake. Kila wakitoka kupumua, mashine zote zinanguruma kuwaendea, watu wanaambiwa rukeni, rukeni. Wakizama, vyombo vinawatafuta kwa kuzunguka. Wakitoka tena, vilevile. Wifi yangu akatapika kwa mawimbi na moshi. Mtoto wa kaka, miaka saba, akaanza kulia, akaniuliza, "Shangazi, mbona wanawafukuza, wamefanya nini?" Nilimuomba nahodha asogee nyuma, akasema akisogea wengine watamuona hajui kazi. Tuliporudi pwani tukadaiwa fedha zaidi ya mapatano, kaka akalipa ili twende zetu.

Fedha nimezisamehe. Ninachokiona aibu mpaka leo ni kuwa mgeni alikuja kwetu akaona tunavyowafanyia viumbe wa bahari yetu, na mie ndiye niliyempeleka.

Nahodha_Mkokotoni (saa 4:52 asubuhi)

Pole sana dada yangu. Nina miaka ishirini na mbili baharini na ulilolisema ni kweli. Lakini si manahodha wote. Mwenye adabu ya kazi anawaona kwa mbali, anapunguza mashine, anakwenda sambamba nao, hawakati njia, na hamrushi mtu juu ya mwana na mama. Wakitaka kuja karibu wanakuja wenyewe. Mgeni aseme kabla ya kupanda, na asiporidhika asipande. Na maboya yahesabiwe nchi kavu.

Mpemba_wa_Wete (saa 5:15 asubuhi)

Huyo mtoto wa wanyama mleteni Pemba. Kidike, njia ya Chake kuja Wete, kuna popo wakubwa ambao hawapo popote duniani isipokuwa Pemba. Zamani tuliwala mpaka wakakaribia kwisha, sasa wanakijiji wenyewe wanawalinda. Jioni wanaamka wote pamoja, mbingu inajaa mabawa.

Dereva_116 (saa 5:40 asubuhi)

Na kima punju je, wale kima wekundu? Hao wako Unguja tu, msitu wa Jozani. Gari dakika hamsini kutoka mjini na unawaona karibu kabisa na njia. Popo ni popo.

Mpemba_wa_Wete (saa 5:44 asubuhi)

Kima punju wapo Ngezi pia.

Dereva_116 (saa 5:46 asubuhi)

Hawapo, yakhe. Kila anayetembeza wageni anajua kima punju ni wa Unguja.

Maalim_Chake (saa 7:10 mchana)

Msigombane, nyote mna ukweli. Asili yao ni Unguja, lakini miaka ya 1970 wachache walichukuliwa wakapelekwa Ngezi, na wamebaki huko wachache. Wa kuwaona kwa urahisi ni wa Jozani. Ila Dereva, "popo ni popo" halikufaa. Kiumbe aliye kwetu peke yetu ni amana.

Bwana Bububu, mie nimesomesha skuli Chake miaka mingi, na hivi ndivyo ningefanya. Siku nne Unguja, tatu Pemba, kwa ndege. Pemba siku moja iwe ya kisiwa cha Misali, mkitoka Wesha, kama bahari imetulia, na mama akipenda abaki Chake. Wazee wanasema Nabii Khadhiri alifika pale akaomba msala wa kusalia, wavuvi hawakuwa nao, akasema kisiwa chenyewe ni mithili ya msala, akasali. Mpaka sasa wavuvi wanapaheshimu, na kasa wanapanda kutaga. Siku ya pili Pujini, kwenye magofu ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani. Watoto watapenda habari ya kile kisima chenye ukuta katikati ili wake zake wawili wasikutane. Siku ya tatu wasipangiwe kitu. Wakae na watu.

Mzaliwa_Bububu (saa 8:02 mchana)

Maalim, ahsante. Mke wangu anasema siku tatu Pemba ni kupoteza wakati kwenye kupanga mizigo, bora wakae pahala pamoja. Na yeye ni mtu wa Chwaka, kwa hiyo mnajua anataka wapi.

Kijana_Kisiwandui (saa 8:30 mchana)

Bila ya siku mbili mjini amekosa roho ya nchi. Beit al-Ajaib, lile jumba la maajabu, ilianguka sehemu Disemba 2020, hilo aambiwe asije na matumaini ya bure, lakini aone Ngome Kongwe, aende Mkunazini, lile kanisa lililojengwa pale penye soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Watoto wa miaka 14 ni wakubwa wa kuambiwa ukweli. Mie nilipelekwa nikiwa mdogo kuliko huyo na ndipo nilipoanza kumuuliza bibi yangu sisi ni nani.

Jambo jingine: kila mgeni asiye raia analipa bima ya Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, tangu Oktoba 2024, hata awe na bima ya kwao. Alipe mtandaoni kabla ya kufika, asije akasimamishwa uwanjani na watoto.

Mzaliwa_Bububu (saa 8:41 mchana)

Hilo la bima sikulijua. Namwandikia leo.

Bint_Makunduchi (saa 2:15 usiku)

Chakula hamjasema. Jioni moja wapate urojo, wa Mjini, wenye ukwaju na embe mbichi, bajia, viazi, kachori, mishikaki.

Mpemba_wa_Wete (saa 2:20 usiku)

Urojo wa Wete ni mzito na haubani meno kwa ukali. Wa Mjini siku hizi unga mwingi.

Bint_Makunduchi (saa 2:22 usiku)

Unga mwingi? Umekula kwa nani?

Dereva_116 (saa 2:37 usiku)

Hapo Mpemba kasema kweli. Pale karibu na stendi ya Darajani nimeacha kula kwa ajili hiyo.

Mpemba_wa_Wete (saa 3:05 usiku)

Tuyaache ya urojo. Bwana Bububu, uamuzi ni wako, lakini sikiliza. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, ya kwetu ikasalimika, na tangu hapo karafuu ni Pemba. Agosti msimu ukiwa umeshafungua, njia nzima ya kijiji chetu inaanikwa majamvi. Usiku tunakaa uani, mama, wifi zangu, watoto, tunachambua karafuu na makonyo, vile vikonyo vyake, vidole vinanuka mpaka asubuhi, na hadithi zote za ukoo ndipo zinaposimuliwa. Mgeni akitaka atakaa nasi, mkeka upo. Hakuna tiketi. Nambie siku mbili kabla, mama anunue samaki.

Mzaliwa_Bububu (saa 3:30 usiku)

Hii nimeisoma mara mbili. Namtafsiria usiku huu pamoja na maneno ya Mama Mwani, achague mwenyewe. Tatizo nauli ya ndege ya watu wanne kwenda na kurudi Chake. Mwenye kujua boti ya mchana kwa Agosti inakuwaje, mama yule akimeza dawa ya kichefuchefu?

Ummu_Salim (saa 3:48 usiku)

Mie tangu meli ilipozama mkondo wa Nungwi mwaka 2011 sijapanda tena chombo cha Pemba, na tuliwapoteza jirani zetu. Siwezi kukushauri kwa moyo mmoja. Muulize Nahodha.

Nahodha_Mkokotoni (saa 4:16 usiku)

Allah awarehemu. Vyombo vya sasa si vile, na mchana ni bora kuliko usiku. Lakini nitakujibu vizuri kesho baada ya kuzungumza na mwenzangu aliyetoka bandari ya Mkoani, Pemba, leo. Jee, huyo mama akipanda gari ya shamba anatapika?