Timu ya baiskeli ya Afrika ilikufa 2021, na leo tunajifanya haikuwahi kuwepo (MTN-Qhubeka, baadaye Dimension Data)

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Wiki ile ya mashindano ya dunia ya baiskeli pale Kigali, Septemba 2025, nilikuwa nasikiliza uchambuzi kwenye redio moja. Mchambuzi, tena kwa kujiamini kabisa, akasema Mwafrika mweusi alianza kuonekana Tour de France, zile mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, alipokuja Biniam Girmay wa Eritrea. Mwenzake akaitikia, "kweli kabisa." Nikazima redio. Girmay namheshimu sana, kushinda hatua tatu (kila hatua ni mbio za siku moja ndani ya Tour) na jezi ya kijani ya kinara wa pointi mwaka 2024 si mchezo. Lakini kuna watu walifyeka pori lile kabla yake, na timu yao haitajwi hata kwa bahati mbaya.

Machi 2013, MTN-Qhubeka ya Afrika Kusini, chini ya Doug Ryder, ndiyo kwanza imepanda daraja la pili la dunia. Ikaalikwa Milano–Sanremo, mbio kubwa za siku moja kule Italia. Siku hiyo theluji ilimwagika mpaka waandaaji wakasimamisha mbio, wakawapakia waendeshaji kwenye mabasi, wakawavusha mlima, kisha mbio zikaendelea. Mwisho wake Gerald Ciolek, Mjerumani aliyevaa jezi yetu, akawashinda vigogo Peter Sagan na Fabian Cancellara kwenye mstari. Timu kutoka Afrika, kwenye theluji!

Julai 2015 ikawa timu ya kwanza iliyosajiliwa Afrika kushiriki Tour. Waendeshaji tisa, watano Waafrika. Mimi nilimhonga mwenye kibanda cha mpira elfu tano atuwekee baiskeli badala ya marudio ya mechi. Watu walinicheka. Basi hatua ya sita, njia ya kwenda Le Havre, Daniel Teklehaimanot wa Eritrea akatoka na kundi la mbele, akawa anazoa pointi kwenye vilima. Jioni akapandishwa jukwaani kuvishwa jezi nyeupe yenye vitone vyekundu, ya mfalme wa milima. Kibanda kizima kilinyamaza. Mzee mmoja fundi baiskeli akauliza, "Huyu ni wa kwetu?" Nikamjibu ndiyo. Jezi ile alikaa nayo siku nne. Tarehe 18 Julai, Siku ya Mandela, Steve Cummings akawavizia Wafaransa wawili, Pinot na Bardet, waliokuwa wanategeana, akawapita na kushinda kule Mende.

Haya ndiyo yanayofutwa, wakuu!

Mwaka 2016 ikaingia daraja la juu kwa jina la Dimension Data. Mwingereza Mark Cavendish akaipa ushindi wa hatua nne za Tour na jezi ya njano, ya anayeongoza mbio, siku ya kwanza. Nilishangilia, lakini nasema wazi: hapo ndipo kasoro ilipoanza. Majina makubwa ya Ulaya yaliongezeka, na Waafrika kwenye kikosi cha Tour wakapungua. Ila huku chini kazi iliendelea. Mnyarwanda Adrien Niyonshuti alivaa jezi hii. Joseph Areruya na Samuel Mugisha, walioshinda Tour du Rwanda 2017 na 2018, walikuwa kwenye kikosi cha vijana cha timu hii chenye makao Lucca, Italia. Hiyo ndiyo ngazi ninayoililia.

Ilikufaje? Klabu ya mpira ina viingilio na mgawo wa televisheni. Timu ya baiskeli haina. Barabarani watu wanatazama bure, na hela za televisheni zinabaki kwa waandaaji. Timu inaishi kwa jina la mdhamini kifuani, akiondoka mnakufa. Ndiyo maana jina lilibadilika kila mara: NTT mwaka 2020, Qhubeka Assos mwanzoni mwa 2021, Qhubeka NextHash katikati ya mwaka huohuo, kwa mkataba uliotangazwa kuwa wa miaka mitano. Haukufika hata Krismasi. Desemba 2021 UCI, shirikisho la baiskeli duniani, haikuwapa leseni. Na hii ni timu iliyokuwa imeshinda hatua tatu za Giro d'Italia, mbio kubwa za Italia, miezi michache nyuma! Matajiri wa bara hili wanaojaza majina yao kwenye jezi za mpira walikuwa wapi?

Tour ya mwisho ya timu hii, ya 2021, nitaikumbuka kwa Nicholas Dlamini, Mwafrika Kusini mweusi wa kwanza kushiriki Tour. Hatua ya tisa, kupanda mlima wa Tignes, mvua na baridi. Aliyeshinda siku ile, Ben O'Connor, alikuwa ametoka timu hiihii mwaka uliotangulia. Dlamini aliachwa mbali, muda wa mwisho ukapita, gari la kubeba walioshindwa likamfuata nyuma. Akakataa kupanda. Akafika zaidi ya saa moja na dakika ishirini baada ya mshindi, akiwa ameshatolewa mashindanoni, lakini juu ya baiskeli yake.

Ryder alirudi 2023 na timu mpya, Q36.5. Imesajiliwa Uswisi.

Mwenye video ya Teklehaimanot akivishwa ile jezi, tarehe 9 Julai 2015, aiweke hapa. Nitaibeba kwenye flashi mwenyewe hadi mlangoni kwa ile redio.