Takwimu za mji mdogo Marekani: mbona kipato kinaruka hivi?

Swali: Naandika wasifu wa mji wa vijijini Marekani, watu kama 800. Kipato cha kati cha kaya kinapanda na kushuka kila toleo. Nitumie namba ipi?

Jibu la 1: Idadi ya watu chukua kwenye sensa ya 2020. Kipato kinatoka kwenye utafiti wa sampuli uitwao ACS (American Community Survey), jedwali B19013. Mji wenye watu chini ya 65,000 hupati makadirio ya mwaka mmoja, ni ya miaka mitano tu. Kaya zilizohojiwa ni chache, ndiyo maana namba inaruka. Angalia alama ya ± pembeni, yaani kiasi ambacho namba inaweza kuzidi au kupungua. Tuseme ni dola 41,000 ± 12,000: gawa 12,000 kwa 1.645 (kwa kuwa ± ya ACS ni ya uhakika wa asilimia 90), upate kosa sanifu la kama 7,300, karibu asilimia 18 ya kipato chenyewe. Hiyo itaje kwa tahadhari, au tumia ya kaunti.

Jibu la 2: Na usilinganishe toleo la 2018–2022 na la 2019–2023, miaka minne ni ileile! Linganisha 2014–2018 na 2019–2023, ukishabadili dola za zamani kufuata mfumuko wa bei.

Jibu la 3: Kuna gereza ndani ya mipaka ya mji? Sensa huwahesabu wafungwa palepale, kwa hiyo wanaume huonekana wengi ajabu. Ila kwenye kiwango cha umaskini hawamo, wala kwenye kipato cha kaya.

Muuliza swali: Gereza lipo. Kumbe!